Kijumba cha Bibi Paskazia

Siku ya kumi na moja tangu lori liwashushe Mtakuja, Mzee Mayala aliacha kula. Hakugomba, hakusema tumbo linauma, hakusema ugali haukuiva. Aliisukuma sahani kwa mgongo wa mkono, taratibu, kama mtu anayemsogeza mtoto aliyelala, kisha akageuza uso akatazama ukuta wa mabua.

"Baba, umekula matonge mangapi?"

"Yanatosha."

Hakuwa amekula hata moja. Kashindye aliifunika ile sahani akaiweka juu ya kichanja. Jioni akaikuta vilevile, sisimizi ndio wameanza kujigawia.

Kashindye alikuwa kitindamimba wa Mayala, na ndiye pekee aliyebaki naye. Mama yake alikwisha kufa, dada zake waliolewa mbali. Alimaliza darasa la saba akarudi nyumbani kumpikia baba yake, na huo ndio ukawa mwaka wake wa sita wa kumpikia. Alikuwa mtu wa kutazama. Tangu mdogo aliambiwa kwamba kumhojihoji mkubwa ni utovu wa adabu, basi akajifunza kuyapata mambo kwa macho. Na macho yake yalikuwa yamekwisha kuona kitu kama hiki mara moja: baba yake mkubwa, kaka yake Mayala, aliisukuma sahani namna hiyohiyo alipofiwa na mkewe. Alichukua siku ishirini na mbili, wakamzika.

Kwa hiyo Kashindye alianza kuhesabu.

Mtakuja kilikuwa kijiji cha mistari. Mwaka huo wa sabini na nne watu wa pori la Sikonge waliambiwa wasogee pamoja wapate shule, zahanati na maji, na shule kweli ilikuwa inajengwa, hilo lisikanwe. Lakini kabla ya watu kuletwa, trekta lilipita likang'oa kila mti ili nyumba zipangike. Zikapangika. Kila nyumba ilikuwa hatua kumi na mbili kutoka kwa jirani, na namba ya chokaa mlangoni. Ya kwao ilikuwa B 14. Ukisimama mlangoni uliona milango mingine yote ya mstari wa B, na juu yake mbingu tupu. Alfajiri mtu alipiga rimu ya gari iliyoning'inizwa karibu na ofisi, watu wakachukua majembe wakaenda shamba la kijiji, kwenye tumbaku.

Kule walikotoka, Mningani, mwendo wa siku mbili kwa miguu, Mzee Mayala aliacha mizinga themanini na mitatu juu ya miti. Kila mtu alidhani ni hiyo inayomla roho. Balozi wa nyumba kumi, Ndugu Tobias, alikuja kumfariji kwamba mizinga itafuatwa mvua zikiisha, serikali haiwezi kuacha asali ioze. Mzee aliitikia, "Ndiyo, Ndugu Balozi," na sahani akaisukuma.

Lakini Kashindye aliona kwamba si mizinga. Ilikuwa ni asubuhi.

Baba yake alikuwa na desturi ambayo watu wa Mningani waliicheka mpaka wakachoka. Kila alipochonga mzinga wa nyuki kutoka kwenye gogo, kile kipande cha mwisho kilichobaki, ambacho wengine hukitia motoni, yeye alikitoboa katikati, akakiziba huku na huku, akakiachia tundu la kuingia vidole viwili, akakitundika pembeni mwa boma. Vijumba vya ndege. Mwaka wa Uhuru vilikuwa tisa. Siku lori lilipokuja vilikuwa thelathini na zaidi, na shomoro na kwezi na ndege wengine wadogo wasio na majina walikuwa wanazaa humo mwaka hadi mwaka. Alfajiri ya boma lile ilianza kwa ndege mmoja, halafu wawili, halafu huwezi kusikia mtu anayekusalimu. Mzee Mayala alikuwa akilala chali akiwasikiliza mpaka wamalize, ndipo anaamka na kuomba uji.

Mtakuja hakukuwa na cha kusikiliza. Rimu ililia, watu wakakohoa, basi.

"Baba, kumekucha," Kashindye alimwambia siku ya kumi na tatu, uji ukiwa mkononi.

"Kumekucha kwa nani?" Alisema bila hasira. "Hapa hakukuchi, mama. Hapa giza linaondoka tu."

Siku hiyohiyo, badala ya kwenda shamba, Kashindye alikwenda kwa Tobias. Nyuma ya ofisi kulikuwa na lundo la magogo ya mninga yaliyong'olewa na trekta, yakingoja mpasua mbao.

"Shikamoo, Ndugu Balozi. Naomba vipande vitatu vya mwisho, vifupi."

"Marahaba. Vya kuni?"

"Vya baba. Achonge vijumba vya ndege."

Tobias alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha ulimfaa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwaambia watu mambo wasiyoyataka. Alikuna kidevu. "Ndege nao watahamia kwa hiari yao, au niwapelekee mgambo?"

"Watakuja wenyewe."

"Wakija nitawaandika kwenye daftari. Nyumba zangu kumi zitakuwa kumi na tatu, nitapandishwa cheo. Chukua. Lakini mpasua mbao asikuone na lile gogo nene, lile ni madawati."

Alibeba vipande vitatu kichwani. Akavitua mbele ya baba yake, na juu yake akaweka tezo yake ya kuchongea, ambayo mzee aliipakata kwenye lori njia nzima kama mtoto mchanga na tangu hapo hakuigusa.  Alikwenda kuchota maji, na aliporudi akasikia tezo inaongea na mti.

Jirani yao wa upande wa kulia, nyumba B 15, alikuwa mwanamke wa Nzega aitwaye Flavia, mjane, ambaye aliletwa pamoja na mbuzi wanne, ndama mmoja, na mama yake mzazi, Bibi Paskazia. Bibi alikuwa haoni. Macho yalimwingia ukungu miaka mingi nyuma. Kila asubuhi Flavia alimtoa akamketisha kwenye kigoda ubavuni mwa nyumba, upande unaotazama kwa Mayala, akamwekea maji na fimbo yake, akaenda shamba. Bibi alikaa hapo mpaka jua lizunguke. Alikuwa hajasema neno na Mzee Mayala, maana mzee hakuwa anatoka nje. Sasa aliposikia tezo akainua kichwa.

"Nani anapiga mti asubuhi yote hii?"

"Mayala, mama. Wangaluka," akamwamkia kwa salamu ya kwao.

"Wangaluka. Unachonga mchi?"

"Nyumba ya ndege."

Bibi aliupima ule upuuzi. "Nilisikia nimewekwa karibu na mrina asali. Hawakuniambia kwamba amechanganyikiwa."

"Nami niliambiwa nimewekwa karibu na mchunga ng'ombe. Naona mbuzi wanne tu na kelele."

"Ng'ombe tulikuwa nao, wewe mla nta. Ungewaona ungeacha kupanda miti kama nyani."

Kashindye alikuwa ndani anapepeta unga. Alisikia sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu Mningani. Baba yake alikuwa anacheka, kicheko kidogo cha puani.

Vijumba vitatu vilimchukua siku nne. Kashindye alimtazama jinsi alivyofanya, hatua kwa hatua: kuchimba, kulainisha tundu kwa kisu cha moto, kuziba ncha moja kwa kipande cha gome. Mwisho kabisa, kabla ya kuziba ncha ya pili, mzee alichuchumaa karibu na mafiga, akampa mgongo, akaingiza kiganja ndani ya kila kijumba akakizungusha mara mbili tatu. Kule Mningani hatua hiyo Kashindye hakuwahi kuiona, kwa sababu vijumba vilimaliziwa kambini porini, na kambi ya warina asali mwanamke hafiki. Lakini kiganja kinachozunguka ndani ya gogo alikijua. Kila mzinga wa nyuki ulipakwa nta kabla ya kupelekwa porini, ili nyuki wanuse wakaribie, na hiyo ilikuwa kazi ya wanawake wa boma, kazi aliyoifanya tangu akiwa na miaka minane. Mzinga usiopakwa nta ni gogo tu, ndivyo walivyosema. Basi akajisemea moyoni, naam, hivi navyo hupakwa. Hakuuliza.

Vijumba vilitundikwa kwenye nguzo za miti uani kwa kamba ya gome la myombo. Wiki ya kwanza hakuna aliyekuja. Mzee alikula matonge mawili kwa siku, kwa adabu tu. Wiki ya pili walikuja shomoro wawili, dume na jike, wakakagua kijumba cha katikati kama watu waliopewa namba ya nyumba wasiyoiamini. Wakaanza kubeba nyasi.

Asubuhi shomoro dume alipokaa juu ya kijumba akaimba kabla ya rimu kulia, Kashindye aliusikia mkeka wa baba yake ukitulia. Alingoja. Ndege alimaliza. Halafu sauti ikatoka gizani:

"Mama, uji upo?"

Alikula bakuli lote, akakomba.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda vizuri kwa kadiri mambo yalivyoweza kwenda vizuri Mtakuja. Mzee Mayala alitoka nje kila siku akakaa karibu na nguzo zake. Bibi Paskazia alisogezewa kigoda chake karibu zaidi, na wawili hao wakashinda wakitukanana kwa heshima. Makinda yalipoanguliwa, bibi aligundua mchezo: akigonga nguzo polepole kwa fimbo yake, tiki tiki, makinda yanadhani mama yao ametua, yanapiga kelele ya kudai chakula. Akawa anafanya hivyo mara kadha kwa siku, uso wake umeinuka, meno mawili yaliyobaki yanaonekana.

"Unawasumbua watoto wa watu," Mayala alimwambia.

"Ninawasalimu. Lakini huyu ndege wako, mzee, haimbi. Huyu analalamika. Chi, chi, chi, kama Flavia akikosa chumvi."

"Shomoro ndivyo alivyo."

"Kwetu tulikuwa na kwezi. Kwezi ndiye mwimbaji. Nitundikie kijumba cha kwezi hapa ukutani kwangu, juu ya kichwa changu, nisikie kitu cha maana kabla sijafa."

"Kwezi anataka nyumba kubwa. Gogo nene."

"Basi tafuta gogo nene. Au warina asali wa siku hizi ni wa vijiti?"

Mzee aliahidi. Kashindye alisikia ahadi hiyo, na aliona jinsi baba yake alivyonyooka mgongo alipoitoa. Mtu mwenye ahadi ya kutimiza hawezi kufa wiki hii, alijisemea. Yeye hakuwa tena anahesabu siku za sahani.

Mvua za kwanza zilianguka, na pamoja nazo homa. Mzee Mayala aliingia ndani akitetemeka, akajifunika blanketi mbili. Mganga wa zahanati alimpa vidonge, akasema atapona lakini asinyeshewe na asishike kazi. Siku ya tatu ya homa mzee aliukataa uji.

Si kitu, ni homa tu, mtu mwingine angesema. Kashindye alilitazama bakuli likisukumwa kwa mgongo wa mkono, akaanza tena kuhesabu.

"Bibi yule anangoja kwezi wake," mzee alisema, macho juu. "Msimu unapita. Wakikosa nyumba sasa hawaji tena. Mikono yenyewe ndiyo hii." Aliinua kiganja, akakiacha kianguke.

"Nitachonga mimi, baba," Kashindye alisema, lakini alisema moyoni.

Alikwenda nyuma ya ofisi wakati mpasua mbao amekwenda kula, akachukua kipande cha gogo nene, la madawati. Akakificha nyuma ya zizi la mbuzi wa Flavia. Kwa siku tano, akitoka shamba, alichonga. Hakuna mwanamke wa kwao aliyewahi kushika tezo, na tezo ilimjulisha hivyo. Alijikata kidole cha shahada na magoti yakawa na michubuko. Lakini alikuwa ametazama kwa miaka, na macho yanafundisha. Alichimba kwa kina kuliko baba yake alivyochimba, ili kwezi wapate nafasi. Akalainisha tundu kwa kisu cha moto. Akaziba ncha moja. Na kwa kuwa alitaka kazi iwe kamili, isiwe na upungufu hata wa kidole, alifungua kitambaa alichokuja nacho kutoka Mningani, akatoa donge la nta lililobaki, akalipasha moto, akaipaka nta ndani yote kabla ya kuziba ncha ya pili, akizungusha kiganja mara mbili, mara tatu, mpaka kijumba kikanukia kama boma la zamani.

Jumapili asubuhi alikitundika kwenye ukuta wa B 15, juu ya kigoda cha Bibi Paskazia, kilichorudishwa hapo tangu Mzee augue.

"Ni Mzee amekileta?" bibi aliuliza.

"Ni kazi yetu, bibi."

"Mwambie ninaingojea hiyo sauti."

Kashindye alimwambia baba yake. Mzee alitabasamu kwenye homa yake, akaomba maji, halafu akaomba uji mwembamba. Alikunywa nusu. Kashindye alilirudisha bakuli jikoni akiwa amejaa furaha ambayo hakuwa na mahali pa kuiweka.

Jumanne kulikuwa na kazi ya kuhamisha miche ya tumbaku, na shamba zima lilitakiwa, hata wajawazito. Kijijini walibaki wagonjwa, vikongwe na watoto wa mgongoni. Yaliyotokea, Kashindye aliyajua baadaye, kidogo kwa baba yake, kidogo kwa mama mmoja mwenye uzazi wa nyumba B 17 aliyechungulia mlangoni.

Nyuki walipita juu ya mistari ya nyumba saa nne hivi. Ni msimu wao wa kuhama. Walikuta kijiji kisicho na mti hata mmoja, na katikati yake tundu moja linalonuka nta. Waliingia wote. Bibi Paskazia alisikia mvumo juu ya kichwa chake, akasikiliza. Kwao Nzega watu walikuwa wa ng'ombe; nyuki aliwajua kwa asali tu. Mwenye uzazi wa B 17 alisikia akisema kwa sauti, kuelekea nyumba ya Mayala:

"Mzee, wamekuja. Ila wako wengi, na wanaongea chinichini."

Mayala alikuwa katika usingizi wa homa. Hakujibu.

Bibi akachukua fimbo yake, akainyoosha juu, akatafuta kijumba, akakigonga ili kwezi waitike. Tiki tiki. Hawakuitika. Akagonga kwa nguvu zaidi.

Kilichomwamsha Mayala ni sauti ya mbuzi waliofungwa kamba. Alitoka na blanketi zake. Mtu aliyefanya kazi na nyuki miaka hamsini haambiwi ni nini; alishika kijinga cha moto mkono mmoja, akamtupia bibi blanketi, akamlalia. Walimkuta hivyo, juu yake, wakati watu walipokuja mbio kutoka shamba. Mbuzi wawili walikuwa wamekufa wakiwa wamejinyonga kwa kamba zao. Bibi Paskazia alikuwa bado anapumua. Trekta la kijiji lilimchukua kuelekea hospitali, Flavia amempakata kwenye tela. Lilirudi kabla jua halijazama, na Flavia bado alikuwa amempakata.

Lilikuwa kaburi la kwanza la Mtakuja.

Kabla ya mazishi, moshi ulipokwisha kuwafukuza nyuki, Mzee Mayala, uso umevimba jicho moja halifunguki, alikishusha kijumba kile kutoka ukutani. Aliingiza vidole viwili ndani. Akavitoa, akavinusa. Kashindye alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwake.

Alivinusa tena. Kisha akamtazama, si kwa ukali. Alimtazama kama mtu anayesoma barua ambayo tayari anajua imeandikwa nini.

"Baba," Kashindye alisema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akauliza. "Vile vingine ulivipaka nini ndani?"

"Majivu," alisema mzee. "Yanaua chawa wa makinda. Na nyuki hawayapendi."



Baraza liliitishwa keshoyake mbele ya ofisi. Tobias hakuwa na mzaha siku hiyo. Alisimama na daftari, nyuma yake mgambo mmoja, akauliza nani alitundika mzinga wa nyuki ndani ya kijiji, juu ya kichwa cha mtu asiyeona.

"Ni mimi," Kashindye alisema.

Watu waligeuka kumtazama. Mwanamume mmoja aliguna. "Tangu lini binti akachonga mzinga?"

"Nilichonga mimi. Tezo ilinikata hapa." Alionyesha kidole. "Baba alikuwa na homa. Nikapaka nta, sikujua."

"Binti wa Mayala asijue nta ni ya nini?" sauti nyingine ilisema.

 Nta ni ya kuita nyuki. Kashindye alilijua hilo kabla hajajua kusoma.

Mzee Mayala alinyanyuka kwa shida, akishika bega la aliyekuwa karibu. "Ndugu Balozi, mtoto ananionea huruma. Kijumba ni changu. Niliahidi mimi, kila mtu alisikia. Homa ilinichanganya, nikapaka nta kama mzinga. Andika hivyo."

"Baba, usiseme hivyo."

"Andika," mzee alisema.

Tobias aliandika. Lilikuwa jambo rahisi kuandika, maana kila mtu lilimwingia akilini: mzee, mrina asali, homa, mazoea ya mikono. La binti halikumwingia mtu. Kashindye alimtafuta Flavia kwa macho, akimwomba walau yeye aamini. Flavia alikuwa ameketi chini, amefunga kitambaa cheusi kichwani. Aliinua uso.

"Mimi nani alichonga sitaki kujua," alisema. "Mama yangu alikuwa anawasifu. Kila jioni nikirudi, ananiambia habari za jirani zetu hawa wema."

Ikaamriwa vijumba vyote vichomwe, na tezo iwekwe ofisini. Mgambo alikuja jioni, akavikata kamba vile vitatu vya uani. Cha katikati kilikuwa na makinda ya uzao wa pili, manne, yenye manyoya ya kwanza. Mgambo alikuwa kijana wa watu, alichungulia, akasita.

"Kuna watoto humu, mzee."

"Umeambiwa vyote," Mayala alisema.

Viliwaka vizuri. Mninga mkavu ni kuni nzuri. Shomoro wawili walizunguka juu ya moto mpaka giza lilipowazuia, na asubuhi hawakuwepo.

Asubuhi hiyo Kashindye alipeleka uji. Baba yake alikuwa macho, amelala chali kama zamani, lakini hakuwa anasikiliza. Aliusogeza uji kwa mgongo wa mkono.

"Kunywa, baba. Nakuomba. Kosa ni langu, mbona unajiadhibu wewe?"

"Sijiadhibu."

"Basi ni nini?"

 Alikuwa mtu mkweli na hata sasa hakutaka kumpa jibu la haraka. "Nimeshiba, mama," alisema. "Si uji. Nimeshiba."

"Ungeniambia kuhusu majivu."

"Ningekuambia. Ungeniuliza ningekuambia siku ileile." Alinyoosha mkono akamshika kile kidole chenye kovu, akakigeuza kuelekea mwanga wa mlango. "Ulichonga vizuri. Tundu lilikuwa la duara kabisa. Nilidhani huwa hutazami, kumbe."

Hilo ndilo jambo alilolibeba Kashindye, na hakuna aliyeweza kumpunguzia. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Alijaribu kila kitu. Alipika mlenda, alipika karanga, aliazima yai. Alitembea mpaka kwa mama mmoja mwenye asali ya Mningani kwenye chupa, akapewa kijiko kimoja, akakileta amekifunika kwa jani. Mzee aliinusa, akageuza uso. Tobias alikuja kumwona, akavua kofia, akasema, "Ndugu Mayala, nikurudishie tezo? Nitasema imepotea." Mzee alimshukuru, akasema kaa nayo, Ndugu Balozi, itakufaa kwa madawati.

Hakufika siku ishirini na mbili kama kaka yake. Alikwenda siku ya kumi na sita, mchana, watu wakiwa shamba, Kashindye akimpepea nzi kwa khanga. Alipoacha kupepea ndipo alipotambua kwamba amekuwa akimpepea mtu aliyekwisha kuondoka, na hakujua kwa muda gani.

Walimzika karibu na Bibi Paskazia, kwa sababu makaburi nayo yalipimwa kwa mstari. Flavia alikuja akatupa udongo wake mara tatu, akaondoka bila kumpa mkono mtu.

Baada ya matanga Kashindye alirudi shamba. Rimu ililia, akachukua jembe, akasimama kwenye tuta lake la tumbaku. Wanawake walimsalimia wote, hakuna aliyemfanyia ubaya. Walimwambia pole, ni kazi ya Mungu, baba yako alikuwa mtu mzuri ila uzee na homa. Walimpa pole kwa kosa la baba yake. Alifungua kinywa mara ya kwanza kusema si yeye, ni mimi, wakamtazama kwa huruma wakisema huzuni humfanya mtu aseme hivyo. Alifungua mara ya pili. Mara ya tatu hakufungua.

Akainama, akaanza kulima.